Sefu Niliyomnunulia Mkwe Wangu

Sefu ile niliinunua kwa kununa. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo majirani hapa Terrat wanaonisifu kwamba ni mzee wa kisasa, na mimi sistahili sifa hiyo. Bunduki yangu ilikaa chini ya kitanda miaka ishirini na sita, imezungushiwa shuka kuukuu, na fisi waliokuja zizini waliijua vizuri. Kibali ninacho. Watoto wangu watano walikulia katika nyumba hiyo hiyo na hakuna aliyeigusa. Mke wangu Silantoi husema hawakuigusa kwa sababu walikuwa wakiniogopa mimi kuliko bunduki, nami humjibu kwamba sijaona ubaya wake.

Wajukuu ndio hawaniogopi, hasa Yiamat, mwenye miaka kumi. Huyo tangu ajue kusema ananitania kwamba Silantoi ni mke wake na mimi ni mpangaji nisiyelipa kodi. Ni mtoto wa kwanza wa mwanangu Lerionka, aliyefariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akiwa bado kijana. Mjane wake, Agnela, ni muuguzi, na anaishi Moshono na watoto wake wawili, Yiamat na Soila wa miaka sita. Kila shule zilipofungwa alituletea watoto wakae nasi. Yiamat anatembea vilevile alivyotembea baba yake, mguu wa kushoto ukichepuka kidogo kwenda nje. Kulikuwa na asubuhi nilikuwa nakaa tu uani kumwangalia akienda kisimani na kurudi. Wiki zile za likizo ndizo zilizokuwa zimenibakia za mwanangu, na sioni aibu kulisema.

Mwezi wa sita mwaka jana Agnela alikuja kuwachukua. Alipoingia ndani alimkuta Yiamat amekaa kitandani kwangu, bunduki iko mapajani, mtutu wake umeelekea mlangoni. Mlangoni alikuwa amesimama Soila anakula ndizi. Mimi nilikuwa uani, nikapaza sauti kwamba haina risasi. Ni kweli haikuwa nayo. Agnela hakupiga kelele. Aliichukua taratibu mikononi mwa mtoto, akaiegemeza ukutani, kisha akakaa sakafuni. Waliondoka bila kula.

Jioni alinipigia simu. Aliongea kwa adabu kama kawaida yake, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Baba, mimi kazini nimewahi kumpokea mtoto wa miaka minne aliyepigwa risasi na kaka yake," aliniambia. "Baba yao naye alikuwa anasema haikuwa na risasi. Ukiifungia mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia, nitawaleta. Kabla ya hapo hawatalala kwako."

Nilikasirika. Sikumtukana yeye, nilimmalizia hasira Silantoi wa watu, nikisema mambo ya wanawake waliosoma na mambo ya mjini. Niliapa kwamba sitapangiwa nyumba yangu na mtoto wa juzi. Likizo ya Desemba ikafika, na uwanja ukabaki kimya. Silantoi alipika loshoro, mahindi ya maziwa mgando, ya watu wengi kwa mazoea, tukaila siku tatu wawili peke yetu mpaka ikachacha zaidi ya ilivyotakiwa. Siku ya nne nilivaa koti langu la kanisani nikamwambia naenda mjini.

Nilianza na fundi wa kuchomea vyuma pale Levolosi. Alinionyesha sanduku la bati lenye kufuli, bei yake nzuri kabisa, na nikakaribia kuamini kwamba Mungu ananipenda. Nikaomba bisibisi. Nilichomeka kwenye pembe ya mlango nikasukuma kidogo, na bati likakunjika. Kama mzee wa miaka sabini analikunja amesimama, Yiamat angelimaliza kabla ya chai ya saa nne. Fundi akasema nimelionea. Nikamuaga.

Kutoka hapo nikaenda dukani kwa Paresh. Familia yao inauza makabati ya chuma na vifaa vya ofisi tangu zamani; baba yake ndiye aliyekuwa akimuuzia baba yangu seng'enge. Paresh alinitolea kisefu kidogo kinachong'aa, cha namba, akasema hoteli zinakinunua sana. Nikamuuliza kama anataka niikate bunduki vipande viwili. Akacheka, akanipeleka kwenye ile ndefu iliyotoka nje ya nchi. Hiyo ilikuwa nzuri kweli, mlango mnene, ndani kuna kitambaa, na bei yake ilikuwa ng'ombe wanne wazima. Nilimwomba aufunge ule mlango kabla sijaugua kwa kuutazama.

Mwishowe alinipeleka nyuma ya stoo. Kulikuwa na sefu moja ndefu ya kijani, rangi imebanduka ubavuni, aliyoinunua kwa watu wa kampuni ya uwindaji iliyofunga shughuli. Ilikuwa na namba nne za kubonyeza na ufunguo wa dharura. Paresh aliniacha niivute, niitikise, hata niipige teke. Haikushtuka. Kwa bei ya dume mmoja ikawa yangu, na dume mwenyewe alikuwa mkorofi, hakuna aliyemlilia.

Paresh ni mtu makini, hakuniacha niondoke hivi hivi. Alisema niifunge ukutani kwa bolti kutokea ndani, nisiiache imesimama tu. Risasi zikae kwenye kisanduku chao kingine chenye kufuli lake. Namba isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu wala namba za simu, kwa sababu watoto huanza na hizo. Ufunguo wa dharura ukae nje ya nyumba. Kisha akaniuliza, "Na mzee, nani mwingine ataijua namba? Awe mmoja tu, mtu wa kuaminika, usije ukapata tatizo ikakosekana namna ya kufungua."

Nilimjibu kwamba mtu ninaye. Sikudanganya. Ila aliyenijia kichwani hakuwa Silantoi.

Hapa inabidi nieleze, si kwa kujitetea. Kwetu mzee hafi na vitu vyake kichwani. Nilipokuwa na miaka tisa baba yangu alinishika mkono akanizungusha shamba zima, sale moja baada ya jingine, ile mimea tunayopanda mipakani, akinionyesha mpaka wetu unapopita. Akanionyesha alipofukia vyuma vyake vya kazi na mti aliotundika mizinga. Aliniambia kwamba akifa kesho hakuna atakayenidanganya. Sikuwahi kutembea kwa kujivuna kama siku ile. Na mimi nilimfanyia Lerionka hivyo hivyo, shamba, mizinga, kibali, bunduki. Lerionka alipotangulia, nafasi ile ilikwenda kwa mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa nachelewesha tu, na mimi nina presha, na kila mwaka nilikuwa naona deni hilo likinikaa kifuani.

Likizo ya Pasaka Agnela alikuja kuikagua sefu kabla hajashusha hata begi la mtoto. Aliivuta. Aliitikisa. Alipitisha vidole kwenye bolti, akataka kuona kisanduku cha risasi, akauliza ufunguo wa dharura uko wapi, nikamwambia uko kwa mchungaji. Alipomaliza aliweka kiganja juu ya mlango wa sefu akaanza kulia. Aliniambia, "Asante baba, najua hukupenda." Nikasema si kitu. Nilifurahi mno siku hiyo, hata nikamchinjia mbuzi ambaye sikuwa nimepanga kumchinja.

Aliwaacha kwa wiki mbili. Nyumba ikachangamka. Soila aliwapa mbuzi wote majina ya walimu wake. Yiamat akarudi kwenye madai yake kwamba mke wake ananizidishia nyama. Nilikuwa nalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu tumzike Lerionka.

Siku ya nne, baada ya kukamua, nilimwita Yiamat chumbani nikafunga mlango. Nilimwambia sasa ameshika nafasi ya baba yake. Nikamwonyesha namba, moja moja, nikamfanya azibonyeze mwenyewe. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili mlango ukafunguka. Sikumruhusu aiguse bunduki, nilijiona makini sana kwa hilo, na kisanduku cha risasi sikukigusa kabisa. Kisha nikamwambia kwamba hili ni la wanaume wawili, asimwambie mtu, hata mama yake. Akaitikia kwa kichwa. Akatoka ameunyoosha mgongo.

Mnaweza kuniuliza kama sikujua sefu imenunuliwa ya nini. Nilijua. Nilimuuza dume kwa ajili hiyo hiyo. Lakini kichwani mwangu mtoto alikuwa upande mmoja na mrithi alikuwa upande mwingine, na hata siku moja sikuwakutanisha. Agnela alisema mtoto asiifikie, na mimi nilikuwa namwonyesha mrithi. Ndivyo nilivyokuwa mjinga, na sina jina jingine la kuliita jambo hilo.

Tangu siku ile Yiamat hakunitania tena. Niliona ni ukubwa. Chakula alikuwa anakibakiza, na Silantoi akampima joto kwa mkono akidhani ni malaria. Agnela alipokuja kuwachukua, mtoto alikaa kiti cha nyuma akatazama magoti yake. Niliwapungia mkono mpaka gari lilipopinda.

Jumatano Agnela akapiga simu. Alisema Yiamat hakulala siku mbili, na siku ya tatu alitapika kisha akasema yote. Nilianza kumweleza habari ya mrithi, ya baba yangu, ya masale. Aliniacha nimalize kila kitu. Kisha akasema, "Baba, ungenificha wewe ningekasirika tu. Umempa yeye kazi ya kunificha." Akaniaga vizuri, akakata.

Silantoi aliposikia hakunigombeza. Alichukua ndoo akaenda kwa ng'ombe ambao alikuwa ameshawakamua.

Kesho yake niliitoa bunduki nikaipeleka polisi pamoja na risasi na kibali. Askari aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Nilitia saini, wakanipa karatasi yangu, na siku iliyofuata nikaenda nayo Moshono. Agnela aliisoma getini, akairudia, kisha akanikaribisha ndani akanipikia chai. Alinisikiliza. Alisema anashukuru, na kwamba naweza kuja kuwaona watoto kila Jumapili baada ya ibada, nikae nao mpaka jioni. Kulala Terrat, alisema, hapana, si sasa, na hawezi kuniahidi ni lini. Nilitaka kumwambia kwamba bunduki haipo tena, lakini karatasi ilikuwa mezani mbele yake na alikuwa ameshaisoma mara mbili.

Alimwita Yiamat aliyekuwa anafanya kazi za shule. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia alifanya vizuri kumwambia mama yake, na kwamba kosa lilikuwa langu, la mtu mzima, si lake hata kidogo. Alinisikiliza amesimama wima, mikono nyuma, akijibu ndiyo babu, ndiyo babu. Aliuliza kama nimeitoa bunduki kwa sababu yeye alisema. Nikamwambia nimeitoa kwa sababu nilipaswa kuitoa zamani. Sidhani kama aliniamini.

Wakati wa kuondoka mama yake alimtuma anisindikize mpaka nje. Tulitembea, mguu wake ule wa kushoto ukichepuka. Tulipofika getini akanivuta koti.

"Babu, sasa naruhusiwa kuzisahau zile namba?"

Nikamwambia anaruhusiwa, azisahau zote. Akasema amejaribu. Akasema huwa anahesabu vitu vingine darasani ili zitoke, lakini akinyamaza kidogo tu zinarudi zote nne, na anaogopa siku moja atazisema kwa Soila akiwa usingizini. Nilimshika kichwa. Kisha akafunga geti akarudi ndani kumalizia hesabu zake.