Sikio la Juu

Nasike alikataa kuingia ndani. Alishika nguzo ya mlango wa ukumbi wa kanisa, akapiga kelele, na akina mama waliokuwa kwenye foleni wakageuka kumwangalia. Mama yake, Jentrix, alimvuta mara moja tu, kisha akamwachilia. Mtoto akaanza kujipiga kichwani kwa kiganja.

"Huyo apelekwe kwa maombi," mwanamke mmoja alisema.

"Si hapa ni kanisani," mwenzake akamjibu. "Unataka apelekwe wapi tena?"

Daktari Wakiuru aliwasikia akiwa mezani pake. Alikuwa daktari wa watoto Kitale, na mara moja kwa mwezi alikuja huku nje ya mji wa Bungoma kuwaona watoto ambao hospitali kubwa huwashinda: wasioongea, wasiopenda kuguswa, wasioweza kukaa kwenye benchi kutwa nzima wakingoja kuitwa. Nasike alikuwa na miaka saba na usonji. Hakuwa na maneno, lakini alijua alichotaka, na kwa kawaida nyumbani walimwelewa.

Jentrix alipofika mezani alibaki amesimama.

"Ile dawa ya usingizi uliyotupa mwezi uliopita haikusaidia, daktari. Bado anajipiga. Wiki jana alimgonga mwenzake na kichwa darasani, akamtoa damu. Mwalimu wake, Madam Phelista, amesema hajamfukuza, lakini ikitokea tena, akae nyumbani mpaka atulie."

"Na shule nyingine?"

"Yenye darasa la watoto kama yeye? Hakuna. Akikaa nyumbani, ni kukaa tu."

Daktari alikumbuka alichosema mwezi uliopita, kwamba watoto wengine wenye usonji hujipiga wanapozidiwa. Ilikuwa kweli. Lakini Nasike alianza kujipiga mwaka huu tu, na siku ile alilia sana hata hakupimwa.

"Tumfuate huko nje," alisema.

Nje walimkuta bibi yake, ambaye kila mtu alimwita Kukhu, ameketi kwenye nyasi. Alikuwa ameweka kibao chini na kukipiga kwa vijiti viwili, haraka haraka, kama watu wa huko wanavyopiga juu ya kichuguu ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha, watoke. Nasike alikuwa ameacha nguzo. Alikuwa amelala ubavu, sikio moja limegusa ardhi kando ya kibao, kimya.

"Shikamoo, Kukhu."

"Marahaba, daktari. Usinipe mkono, nikiacha kupiga atainuka."

Daktari akaketi chini na koti lake jeupe. Foleni ikacheka kidogo. Alimtazama mtoto. Kukhu alipohamisha kibao upande wa pili, Nasike aliinuka, akazungusha mwili mzima na kulala tena. Sikio la kushoto ndilo lililokuwa chini, kama mwanzo. Ingekuwa rahisi zaidi kugeuza kichwa tu.

"Huwa analalia upande huo siku zote?"

Jentrix alifikiri. "Zamani alikuwa analala vyovyote."

Sikio la kulia lilikuwa juu, limeelekea kwa daktari. Alitoa taa yake ndogo ya kuangalia masikio. Hakumshika mtoto. Aliinama mpaka shavu lake likakaribia nyasi, akasogeza taa polepole, huku vijiti vikiendelea. Ndani kulikuwa na usaha, na nyuma ya usaha kitu cha mviringo, chekundu.

Alirudi kuketi wima.

"Ni haragwe. Limevimba humo ndani. Mama Nasike, mtoto ameumwa muda huu wote, na mimi nikasema ni hali yake. Ningeangalia mwezi uliopita."

Jentrix alimtazama mtoto, si daktari. "Alikuwa anatuonyesha," alisema. "Anapiga hapo hapo."

"Toa basi," Kukhu alisema.

"Hapa siwezi. Akishtuka litaingia ndani zaidi. Kesho mje Kitale, apewe nusu kaputi litolewe. Asile kitu asubuhi. Na hicho kibao mje nacho."

Kesho yake daktari aliomba Nasike awe wa kwanza, na asingojee wodini bali uani, panapoanikwa mashuka. Nesi Kang'ethe hakupenda.

"Daktari, kila mtu hapa ana haraka."

"Najua. Wengine wanaweza kungoja ndani. Yeye hawezi."

Kang'ethe alitoka kwenda kuwaita, akamkuta Kukhu na vijiti vyake.

"Na hiyo ni ya nini, bana? Kitale hakuna kumbikumbi."

"Lala hapo chini uone kama hawatatoka."

Kang'ethe alicheka. Kisha akawafungulia njia mwenyewe, Kukhu akipiga kibao kilichobanwa kwapani mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na humo ndani mpaka mtoto aliposinzia.

Mwezi uliofuata Nasike alikataa tena kuingia ukumbini. Hakumsalimu mtu, na alipiga kelele mwanamke mmoja alipomgusa nywele. Lakini hakujipiga, na alikuwa amevaa sare ya shule, kwa sababu Jentrix alikuwa amemtoa darasani na angemrudisha kabla ya chakula cha mchana.

Daktari hakumwita ndani. Alichukua taa yake akatoka. Kukhu alikuwa ameshaanza kupiga. Nasike alikuwa amelala nyasini, sikio la kulia limegusa ardhi.