Gitaa ya Lukeba

Mimi usinifundishe gitaa. Nionyeshe gitaa ya umeme kwa mbali, toka hapa hadi kwenye vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wetu, pale, nitakutajia aliyeitengeneza kabla hujavuta kiti. Shingo ikiwa imekazwa kwa skrubu nne nyuma, hiyo ni Fender, na yule mzee Fender mwenyewe, wanasema, hakujua hata kupiga. Shingo ikiwa imegundishwa, bega moja limemegwa ili mkono upite, hiyo uwezekano mkubwa ni Gibson. Eko ni ya Waitalia, wale walianza na kodiani, ndiyo maana gitaa zao zimejaa vibonye. Na Hofner? Hofner niachie mimi. Tumeishi nyumba moja miaka kumi.

Haya niliyasoma katika katalogi ya Kifaransa niliyoilaza chini ya godoro tangu mwaka wa sitini. Mke wangu Batuli aliiita mke mwenza. Akitandika kitanda ananiuliza, "Baba Zuwena, mwenzangu ameamka salama?" Namjibu, mwenzako angalau hakoromi. Tunacheka. Lakini alijua, na mimi nilijua, kwamba ningeiuza nyumba ile ninunue gitaa ya umeme, kama nyumba ingekuwa yangu.

Kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo, gitaa. Harusi za Rumonge, ubatizo, siku za soko Minago, na wavuvi wa Magara wakipata samaki wengi wananiita niwachezeshe. Nilikuwa na gitaa ya mbao tupu, na watu wakianza kucheza, vishindo vya miguu yao vinaimeza sauti yangu yote. Wacha Mungu aniite muongo: kuna harusi moja nilipiga saa nzima kamba mbili zimekatika, na hakuna aliyejua.

Basi ikafika mwaka wa sitini na mbili, uhuru uko mlangoni, Wabeleji wanafunga masanduku. Mmoja wao wa kazi ya mawese alikuwa na Hofner ya umeme. Siku ya kupakia, gitaa ikaanguka kutoka kwenye lori, na lori likarudi nyuma. Kraa! Nilikuwa nimesimama pale, nikalia kama nimefiwa, wallahi. Tumbo lilikuwa vijiti vya kuwashia moto. Shingo nzima, funguo nzima, na zile mikro mbili, masikio ya umeme yanayosikiliza kamba, nazo nzima. Mubeleji akaniambia, chukua. Tukiokota vipande akanieleza kwamba mafundi wa Hofner walifukuzwa kwao baada ya vita, wakahama na patasi zao, wakaanza upya ugenini. Nikasema maskini. Kisha nikasahau.

Nilivipeleka vipande kwa Lukeba. Huyu alikuwa fundi wa mitumbwi, Mubembe wa Fizi, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, lakini kazi yake na watoto wake vilikuwa hapa kwenye mwalo wetu. Mitumbwi mizuri yote kuanzia Nyanza-Lac hadi Magara ilitoka mikononi mwake. Muziki hakuujua kabisa. Akicheza, unadhani anatafuta sindano iliyoanguka.

"Shingo iko, masikio iko," nikamwambia. "Tumbo hakuna."

Akaigeuza shingo, akaichungulia kwa jicho moja toka upande huu hadi ule. "Hii chombo inaingia mu maji?"

"Lahaula! Ni gitaa, Lukeba!"

"Kila mbao inaingia maji siku moja," akasema. "Nitaifunga sawasawa."

Alichonga mvule, pande mbili, akaacha uwazi katikati. Nilipokwenda kutazama nikakuta mgongo wa gitaa umeviringa kama tumbo la mtumbwi. Nikamtukana kwa Kiswahili, nikaongeza Kirundi, nikamalizia na Kifaransa kidogo nilichonacho. Gitaa gani ya umeme yenye mgongo wa mtumbwi? Angalia katalogi! Lukeba alisubiri nimalize, akaniuliza kama nimeshakula.

Hakutumia gundi wala skrubu hata moja. Alitoboa matundu ya vijiti, akachemsha lami. Kabla ya kufunga pande mbili, akamimina lami kidogo ndani, akalichovya dole gumba lake kwenye mawese lisiungue, akalikandamiza pale, akahesabu polepole, akalitoa. Lami ikabaki na dole lake zima, na mistari yake yote. Ilikuwa desturi ya ukoo wao, toka kwa baba yake: kila chombo kabla ya kufungwa kinapewa dole la fundi.

Binti yake Pascasie, miaka saba, alikuwa amekaa juu ya maganda ya mbao. Akanyoosha mkono naye atie lake. Baba yake akaushika. "Weye bado. Inaunguza. Ukikua."

"Na jina?" nikauliza. "Huandiki jina? Mafundi wote wakubwa wanaandika jina kichwani mwa gitaa."

"Jina ni kazi ya mwenye chombo. Ya fundi ni dole, na dole linaonekana siku chombo kinavunjika."

"Basi lisionekane milele."

"Amina," Lukeba akasema, akafunga.

Siku ya uhuru tulipiga uwanjani, mchana kweupe, jenereta imewekwa nyuma ya ukuta, redio kubwa aliyoiacha yule Mubeleji imegeuzwa kuwa spika. Asubuhi ile niliona mvule umefifia, na sisi watu wa Rumonge dawa ya mbao, ya ngozi, ya kidonda na ya mboga ni moja tu. Nikaisugua gitaa mawese mpaka ikang'aa kama bibi harusi. Nikavaa shati jeupe, jipya. Wimbo wa tatu watu wakaanza kucheka. Nikadhani ni furaha ya uhuru. Kumbe tumbo langu lote jekundu, mbuzi aliyechinjwa ana nafuu! Lukeba alikuwa mstari wa mbele, anacheka na kufuta machozi. Batuli alilifua shati lile mara nne, na kila mara alikuwa na neno.

Lakini sauti, ndugu yangu! Sauti ilitoka tumboni mwa mvule nzito na safi, ikapita juu ya vishindo vya miguu, ikaenda ziwani. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu Minago aliapa kwamba aliisikia. Ni uongo, lakini niliupenda. Watu wakanizunguka. "Gitaa ya nani hii? Nani ameitengeneza?"

Na mimi, maskini akipata, matako hulia mbwata, nikainua kichwa cha gitaa waone maandishi. "Hofner. Ya Wajerumani!"

Lukeba alikuwa hatua mbili tu toka kwangu. Alipiga makofi pamoja na wengine.

Nikasema hivyo miaka kumi. Kila harusi, kila soko. Wapiga gitaa toka Bujumbura walikuja kuipapasa, wakashangaa ule mgongo, nami nawaambia ni aina mpya ya kule Ulaya, haijafika kwenu. Mara nyingi Lukeba yuko palepale, na hakunisahihisha hata siku moja. Gitaa ikilegea vijiti namrudishia, anaikaza, tunakula ndagala na ugali wa mihogo, ananiuliza, "Mujerumani wako hajambo?" Nilimpenda mtu yule. Sikumwambia, sisi wanaume hatuambiani, lakini nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Halafu sabini na mbili, mwaka wa mauaji. Sitaki kuisimulia, na aliyekuwa hapa hahitaji kusimuliwa. Mwezi wa tano, asubuhi, watu wenye lori walimchukua Lukeba pale pale kwenye mwalo, randa yake imebaki juu ya mbao. Kosa lake ni kuzaliwa ng'ambo. Hakurudi. Na kila mwenye mtumbwi aliwapakia watu wake akavuka ziwa, kwa hiyo mitumbwi ya Lukeba ikaondoka yote, arobaini na zaidi, na madole yake ndani. Mwalo ukabaki mweupe. Mama yake Pascasie alivuka na wadogo. Pascasie alikataa, akabaki kumngoja baba, miezi miwili, kwa shangazi mmoja wa kanisani.

Mwezi wa saba akaja kwetu, saa sita mchana. Amekuwa msichana mrefu, wa miaka kumi na saba. Alipiga hodi, akaketi mkekani, akapokea maji kwa mikono miwili.

"Baba mudogo, kesho naondoka. Kabwe wa Magara ananivusha."

"Vema, binti yangu. Mama yako anakungoja."

"Picha ya baba hatuna. Alikuwa anasema picha ni ya watu wa bureau, wa ofisini. Vyombo vyake vimekwenda vyote." Akatazama ukutani, pale gitaa ilipoangikwa. "Nimebaki kujua dole moja tu liko wapi."

Nikaelewa. Nikajifanya sielewi. Nikamwambia gitaa ndiyo jembe langu, amani ikirudi harusi zitarudi, nitakula nini? Nikamwambia mikro zile hazipatikani tena. Nikamwambia baba yake mwenyewe aliomba isivunjike, alisema amina, nilimsikia. Maneno yote hayo, na mutoto wa watu hajaomba kitu bado. Aliinama tu. "Murakoze, baba mudogo," akashukuru, akaenda.

Batuli alikuwa mlangoni, ungo mkononi.

"Miaka kumi unatuambia gitaa ile ni ya Mujerumani."

"Mama Zuwena, niache."

"Nakuacha. Lakini mutoto wa Mujerumani hakuja kuiulizia. Amekuja wa Lukeba."

Nilimfokea. Nilifoka mpaka majirani wakachungulia. Kisha nikakaa chini, nikaitoa gitaa ukutani nikaiweka mapajani, ule mgongo wa mtumbwi ukateleza tumboni kwangu kama kawaida yake, na nikaona aibu kubwa, aibu ya kumuona marehemu anakupigia makofi. Nikamwambia Batuli, mwite arudi.

Kuifungua ilikuwa na njia rahisi: kisu cha moto kwenye kiungo, lami inalegea, gitaa inafunguka nzima, na kesho unaifunga tena. Nilishakishika kisu. Pascasie akasema, "Baba mudogo, moto ukifika ndani, dole linayeyuka." Binti wa fundi. Alikuwa sawa. Ilibidi ivunjwe ikiwa baridi.

Tukaitia maji ya mtungi mpaka lami ikawa ngumu. Nikatoa kamba moja moja. Nikang'oa mikro. Nikaweka patasi kwenye kiungo, nikainua nyundo, mkono ukakataa. Mikono hii imepiga gitaa ile miaka kumi! Batuli akaniwekea kiganja mgongoni. Nikapiga. Mvule ulilia, na mimi nililia, sioni haya. Pigo la tano upande wa nyuma ukapasuka kwa urefu.

Dole lilikuwa pale, kubwa, pana, na kovu la shoka alilolipata zamani Minago. Mistari yote ilikuwapo, kama ametoka kulitoa sasa hivi.

Pascasie aliliinamia. Kisha akaweka dole gumba lake ndani ya la baba yake, akalikandamiza, midomo yake ikienda polepole. Alikuwa anahesabu. Batuli akajifunika uso kwa kanga.

Nilikata kipande kile cha mbao, nikakisugua kingo zisimchome, Batuli akakifunga katika kitambaa. Asubuhi tukamsindikiza hadi Magara. Mtumbwi wa Kabwe ulichongwa na mtu mwingine, mbovu, unavuja, Lukeba angeucheka. Abiria walikuwa wanane na vifurushi vyao. Kabwe akakipima kile kifurushi cha Pascasie kwa mkono.

"Hii nini? Mbao? Mu safari hii munabeba mbao?"

Pascasie akanyoosha mikono. Akakichukua, akakiweka mapajani. Kabwe akasukuma, maji yakawapokea, nami nimesimama ufukweni, shingo ya Hofner iko mkononi mwangu, sijui kwa nini nilikuja nayo.

"Ni gitaa!" nikapaza sauti. Watu wa mwalo wakageuka. "Ni gitaa ya umeme hiyo, Kabwe!"

"Ya nani?" Kabwe akauliza toka majini, kwa kunidhihaki tu.

"Ya Lukeba!" Nikasema tena. "Lukeba ndiye aliyeitengeneza! Lukeba, fundi wa Rumonge!"

Nililitaja jina lile mpaka Batuli akanishika mkono, twende nyumbani.