Taa ya Mara Sabini

Mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye mkewe alimbandika jina la Bwana Nyaya, aliitengeneza taa ile kwa mikono yake. Mkewe aliugua kipandauso, na mwanga mkali ulimtesa. Taa yenyewe iliwaka na kuzima mara sabini kila sekunde. Kadiri muda wa kuwaka ulivyofupishwa, ndivyo jicho lilivyoona mwanga hafifu. Alichagua sabini akihofia kwamba ikienda kasi zaidi, transista, kile kipande kinachokata na kurudisha umeme, itapata moto.

“Unaionaje?” alimuuliza mkewe siku ya kwanza.

“Nzuri, Bwana Nyaya. Ila usije ukaniunga na mimi waya.”

Kila kichwa kilipomuuma mkewe, mzee alizungusha kitufe akapunguza mwanga. Ikapita miaka miwili. Mkewe akageuza kiti kikaelekea ukutani, akidai anafuma vizuri mwanga ukitoka mgongoni.

Alikufa kwa moyo, si kwa kichwa. Daktari aliandika hivyo.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, binti yao alikuwa akirekodi chumba kwa simu amtumie kaka yake aliye mbali.

“Baba, simu yangu imekufa nini? Hebu ona hii michirizi.”

Mistari myeusi ilikuwa ikishuka kwenye kioo cha simu, mmoja baada ya mwingine.

“Zima taa,” mzee alisema. Mistari ikatoweka. “Washa.” Ikarudi. “Simu yako nzima.”

Binti akainamisha uso. “Mama alisema taa inacheza. Nikamwambia, si umwambie mwenyewe! Akasema, mwache mume wangu, kahangaika nayo mno.”

“Alisema lini?”

“Mwezi wa kwanza tu tangu uiwashe, baba.”

Mzee alipiga hesabu. Kila alipopunguza mwanga, alirefusha giza kati ya mwako na mwako. Kumbe alipodhani anatuliza kichwa cha mkewe, alikuwa anazidisha kule kucheza kulikomuumiza.

Akafungua kompyuta aliyoipangia taa kasi yake, akafuta sabini, akaandika elfu mbili. Haikuchukua dakika. Kwa macho yake taa ilikuwa ileile. Kwenye simu ya binti, ukuta ulikuwa mweupe, hauna hata mstari.

Akaigusa transista. Akangoja dakika kumi, akaigusa tena. Ilikuwa vuguvugu tu. Miaka yote ile hakuwahi kuipima.

“Nikigeuze kiti cha mama?” binti aliuliza.

“Kiache.”