Sumaku Zilizopangwa Upya

Fundi aliyeubuni mtambo wa mwanga alikuta sumaku zake mia mbili zimepangwa upya, kwa kufuata namba zilizoandikwa juu yake. Wiki sita nzima alikuwa amezipima moja moja, dhaifu akaiweka mkabala na yenye nguvu, ili elektroni zipite katikati zikiyumba sawasawa na kutoa mwanga.

"Nani kazigusa?"

"Mimi," akajibu mkuu wake. "Ulizichanganya ovyo, mama. Kuhesabu hata mtoto wa chekechea anajua! Wakaguzi wako mlangoni. Washa."

"Elektroni zikienda kombo zitatoboa bomba zinamopita, kisha useme mchoro wangu ni mbovu. Washa mwenyewe, mzee, wakikuona."

Mkuu akaitazama swichi, akaurudisha mkono mfukoni.

"Basi kawaambie aliyezigusa ni nani," akasema fundi, akaanza kuzifungua sumaku azipange tena.