Ndege Shambani kwa Baba

Ndege walitua kila upande wangu, nami nikawatazama. Nilikuwa nimekaa juu ya dungu la kulindia ndege katikati ya mpunga wetu, kombeo mapajani, udongo wa kurushia umekauka pembeni. Kweleakwelea walijaa hadi masuke yakainama. Wengine walitua kwenye ngazi ya dungu, karibu na miguu yangu. Nilijua wanakula chakula chetu cha mwaka mzima. Ila mkono haukutaka kuinuka, na sikuona sababu ya kuulazimisha.

Kabla ya msimu ule, kijijini kwetu Mwamapalala hapakuwa na mtoto wa kunishinda kufukuza ndege. Sikutulia hata chakula kikiwa mdomoni. Nikisikia bawa upande huu, nimeshageuka. Shambani nilisifiwa, darasani, kwa jambo hilohilo, niliitwa balaa.

Mwaka wa msimu ule ndio matajiri binafsi walianza kununua pamba, na maduka ya dawa yakafunguliwa hadi gulioni. Mwalimu Novatus, mkuu wa shule yetu, alimwita baba akamwambia kuna ugonjwa wa kutotulia, na vidonge vyake vipo dukani. Nivimeze, la sivyo nikae nyumbani. Baba alitaka nisome kuliko alivyotaka ng'ombe, na kwa Msukuma hilo si jambo dogo. Akanunua. Mama akawa ananipa kila asubuhi na uji.

Nikatulia kweli. Mwalimu alinihamishia dawati la mbele, wageni wakija naonyeshwa. Nisidanganye: utulivu ule ulikuwa mtamu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Siku ile ya ndege, baba alikuja mbio akigonga sufuria, wingu zima likanyanyuka. Hakuuliza habari ya mpunga. Alipanda dunguni, akapiga makofi karibu na sikio langu. Sikugeuka.

"Milembe, mayu, mama yangu, hunisikii?"

"Nakusikia, baba."

Akapiga tena. Nikabaki natazama mbele. Baba yangu, mtu aliyezika ndugu zake bila chozi, akalia mchana kweupe.

Kesho yake alinishika mkono hadi ofisini kwa mkuu wa shule.

"Mwalimu, naomba unirudishie mtoto wangu."

"Mzee Machibya, si huyo hapo? Tazama alivyotulia."

"Huyu namuona. Nimemfuata yule mwingine."

Mwalimu akasema yule mwingine hana nafasi shuleni kwake. Baba akavimwaga vidonge mezani, tukaondoka. Masomo yangu yaliishia pale, darasa la nne. Mpaka anakufa, baba hakupita tena njia ya shuleni. Alizunguka kupitia mtoni. Kuna siku namshukuru, na kuna siku namkasirikia.

Sasa nina Lukresia, binti yangu. Jana mwalimu wake wa hapa Bariadi aliniita: mtoto hatulii, siku hizi kuna dawa nzuri, nifikirie. Leo asubuhi Lukresia alikuwa anakunywa uji, mguu ukicheza chini ya meza. Nikamjia kwa nyuma, nikapiga makofi karibu na sikio lake.

Aligeuka upesi, uji ukammwagikia. "Mama! Ndiyo nini sasa?"

Nikamwambia hakuna kitu. Alipoinamia kikombe tena, nikapiga mara nyingine, kuhakikisha.