Vidato vya Mramba

Mangweni kwa Kadii, pale Junju, Mungu alizungumzwa kuliko bei ya unga. Watu walikuja kunywa tembo la mnazi, hilo halina ubishi, lakini wengi walibakia kwa sababu ya Mramba, mumewe Kadii, na Mwalimu Joram. Mramba alikuwa mgema, mwanamume mrefu kupindukia, na akisema hakuna Mungu hakushusha sauti. Joram alikuwa Mkamba, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, asiyeonja tembo. Kila Jumapili baada ya ibada alifika na viatu vyake vya kanisani na kikombe chake cha bati, akatiwa chai ya strungi. Wambea walisema mle kikombeni hamna chai. Kache, wifi yake Kadii, alikinusa siku moja kwa siri akarudi amenuna. Ilikuwa chai tu.

"Kila kitu kina kilichokianzisha," Joram alikuwa akianza. "Wewe una baba, naye ana baba. Mwishowe lazima ufike kwa asiyeanzishwa na yeyote."

"Lazima nifike kwa nini? Mimi hata Mariakani sijafika."

Benchi zima lilicheka. Joram hakutishika. Alinyoosha kidole kwenye mnazi mkubwa wa uani, uliochongwa vidato vya kukwelea toka chini hadi juu. "Ukiviona vile, Mramba, utasema mnazi umejichonga? Utasema yupo aliyechonga. Basi na dunia ni hivyo hivyo."

"Vidato nimechonga mimi, ndiyo maana najua. Dunia ilipochongwa wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Kadii alichuja tembo lake kimya. Yeye alikuwa mtu wa kusali, lakini kati ya wale wawili hakuwahi kutia neno.

Jumapili ya mwisho Joram alikuja na hoja ya kiu. "Binadamu ana kiu ya Mungu," akasema. "Hata wewe. Ungekuwa huna, ungeshachoka na mimi."

"Kiu haileti maji. Muulize mke wangu, katoka Ganze kwenye ukame."

"Sikusema inaleta. Nasema pasingekuwa na maji popote, kiu isingezaliwa."

Mramba akafungua mdomo, kisha akaufunga. Watu wakatazamana. "Jumapili nitakujibu," akasema.

Wiki ile Kadii alimsumbua kitandani na jikoni. Jibu ni lipi? "Ngoja Mwalimu aje," Mramba akamwambia. "Sisemi mara mbili." Alhamisi kifua kikambana. Jumamosi wakamzika. Joram alishika jeneza upande wa kichwa, akaenda zake, na miezi mitano hakukanyaga tena uani.

Kadii hakutaka mengi. Alitaka kujua jibu lile lilikuwa la kukubali au la kukataa. Kanisani alishasikia wanaomkataa Mungu huenda wapi, na yeye hakutaka kwenda kokote asikokuwako Mramba.

Ndipo akaja Kombe, mgema mpya, hodari lakini kimo chake cha mbuzi. Mnazi wa uani ulikuwa umeachwa bila kugemwa, mpaka ukaanza kuzaa vidaka vya nazi. Kombe alijaribu kuukwea, akakwama kidato cha pili. Kila mgema huchonga kwa mguu wake, na mguu wa Mramba ulikuwa wa Mramba.

"Nitachonga vyangu katikati ya hivi," akasema.

"Usiguse."

"Mama, sasa nikwee kwa dua?"

"Nimesema usiguse."

Usiku Kadii hakulala vizuri, na asubuhi akiamka jambo la kwanza ni kutia kidole katika kidato cha chini, kile kilicholainika kwa unyayo. Kombe akaja mara ya pili, akaja ya tatu. Mara ya nne akasema Jumapili anakuja na panga, au Kadii atafute mgema mwingine.

Kadii akamwita Kache. "Wifi, nenda kamwambie Mwalimu, jibu la Mramba ninalo mimi."

Ulikuwa uongo mtupu, na Kache alijua, ndiyo maana alikwenda mbio.

Jumapili Joram akafika na kikombe chake. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mwalimu," Kadii akasema.

"Marahaba, Mama Kabibi." Hakungoja hata chai. "Alisemaje?"

 Kombe, aliyekuwa akinoa panga, akaacha kunoa. Kadii akaona hana pa kukimbilia.

"Hakusema. Alikuwa anakungoja wewe."

Joram akakaa polepole. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Kadii zaidi.

"Lakini mimi ninalo langu," Kadii akasema. "Wewe ulisema ukiona vidato, ujue mchongaji yupo. Haya, vidato ndivyo vile. Mchongaji yuko wapi?"

"Toba," Kache akanong'ona. Lilikuwa jibu la Mramba kabisa, na hata sauti ilikaribia kuwa yake.

Joram akautazama mnazi. "Umenishinda, Mama Kabibi."

"Sitaki kukushinda. Nataka unishinde wewe. Nishinde, Mwalimu, nipate kulala."

"Nipe mpaka Jumapili."

"Jumapili nilishapewa moja," Kadii akasema. "Haikufika."

Joram akavua kofia, akaiweka gotini. "Mimi pia sisali vizuri siku hizi. Nikifumba macho namsikia Mramba akinibishia, nami nataka aendelee. Sijui kama hiyo ni hoja. Ni kiu tu."  "Kule Ganze, mkibeba madebe kwenda mbali kuteka maji, mkakuta mto ni mchanga mtupu, mlikuwa mkifanyaje?"

Kadii hakuwa ameulizwa jambo kama hilo na mtu yeyote tangu aolewe.

"Tulichimba."

"Mkapata?"

"Siku nyingine. Siku nyingine tulikaa pale kando ya shimo tukingoja yatoke. Hatukuweza kurudi nyumbani na madebe matupu."

"Basi na sisi tukae kando ya shimo," Joram akasema.

Kadii akamgeukia Kombe. "Chonga. Lakini upande wa jikoni. Huku usiguse."

Kombe akazunguka mnazi, na panga likaanza kugonga. Kadii akamtilia Joram chai. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye benchi lile. Kazi yake ilikuwa kuchuja. Joram akasogea, akaacha nafasi upande aliokuwa akikaa Mramba.

Kadii akakaa. "Anzia mwanzo," akamwambia. "Kila kitu kina kilichokianzisha. Halafu?"