Kanda ya Harusi ya Ester

Brigita hakuwa mama wa fimbo. Majirani zake pale Ifakara walimwona mzembe kwa hilo, hasa mwaka ule wa tisini na saba, televisheni ya kina Ursula, Mama Ester, ilipowateka watoto wa mtaa mzima. Mume wa Ursula, Stanislaus, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na deki ya video ilikuwa kwao tu. Sebule yao ilijaa watoto kuliko kanisa siku ya Komunyo ya kwanza. Kina mama walikuja na fimbo, wakawatoa wanao wakilia njia nzima. Kesho yake watoto walikuwa palepale, wamekaa mbele kabisa.

Edna, binti wa Brigita, alikuwa na miaka tisa, naye alinaswa. Mpunga ulikuwa umeanza kujaza punje, na yeye ndiye aliyetegemewa kuamia ndege jioni, awafukuze wasile. Siku moja Brigita alifika shambani akakuta kwelea wametua kwa raha zao kama waalikwa, mtoto hayupo, na pembe nzima ya jaruba imebaki makapi. Akaondoka mbiombio kwenda kwa Ursula kwa hasira. Njiani akajiambia: nikimpiga leo, nitampigia na mengine yasiyomhusu. Mengine yalikuwepo, tena mengi. Akasimama, akafunga kanga yake upya, akangoja moyo utulie, ndipo akabisha hodi.

Jioni ile walipatana wakichambua mboga.

"Edna, ndege wanakula saa ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Na mchana?"

"Wanajificha jua."

"Basi mchana wa Jumamosi ni wako. Kanda moja. Ikiisha unakuja mwenyewe, sitaki kukuita."

"Kanda yoyote, mama?"

"Yoyote, Mama Ester akikubali."

Jumamosi nne mfululizo Edna alirudi kabla ndege hawajashuka. Brigita alivimba kichwa kidogo, na kwa nini asivimbe? Wenye fimbo bado walikuwa wanakimbizana na watoto wao uchochoroni. Ila Edna alirudi kimya mno, macho mekundu, hana hata hadithi moja ya kusimulia.

Kisha Ursula akamkuta bombani.

"Mama Edna, mwanao ana mambo! Wenzake wanalilia ngumi za Wachina, yeye anang'ang'ania kanda ya harusi ya Ester wangu. Wameshamchoka."

Brigita alijua kilichomo kwenye kanda ile. Ndani yake alikuwemo Fulgensi, mumewe, mpishi wa ubwabwa ambaye bila yeye harusi haikuwa harusi. Miezi miwili baada ya harusi hiyo alibeba begi kwenda Mererani kuchimba madini, akaahidi kurudi Krismasi. Krismasi zilikuwa zimepita nne. Barua zilikuja mbili, kisha kimya. Brigita aliacha kulitaja jina lake nyumbani, na picha yake akaifukia chini ya nguo sandukuni. Alimtamani mume wake. Alimtamani hadi akamchukia, na kumchukia kwenyewe hakukumsaidia kulala.

Jumamosi iliyofuata alimfuata Edna. Alimkuta peke yake mkekani, kidole kwenye kitufe. Kwenye kioo Fulgensi alikuwa anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu kama kasia. Akageuka, akafuta jasho, akasema kitu, akacheka. Sauti haikusikika, maana mpiga picha alikuwa ameipachika muziki kanda nzima. Edna akarudisha nyuma. Fulgensi akageuka tena, akacheka tena.

"Mama," Edna akasema bila kushtuka, "hapa baba anasema nini? Mama Ester hajui."

Angeweza kusema zima, twende. Akaketi kando yake mkekani.

"Anasema, 'Ukoko wa sufuria hii ni wa Edna, asiuguse mtu.'"

"Alinitaja?"

"Alikutaja. Nilikuwa nyuma ya mpiga picha, wewe umeshika kanga yangu. Hapo anatuangalia sisi."

"Nikaula?"

"Wote. Ukaumwa tumbo siku mbili."

Edna alicheka, kisha akawa makini. "Alisema kwa sauti gani?"

Brigita akaishusha sauti, akaiburuta Kipogoro kama Fulgensi alivyoiburuta. Edna alifumba macho kusikiliza. Akaomba tena, akapewa. Halafu akazima deki mwenyewe, kanda haijafika hata nusu.

Jumamosi nyingine, saa sita, Edna alikuwa uwanjani anacheza rede.

"Huendi kwa Mama Ester?"

"Nimeshaiona, mama," akajibu, akaukwepa mpira.

Brigita alibaki mlangoni na ufagio. Alifagia palipokwisha fagiliwa. Mwishowe akajitanda kanga, akavuka njia.

"Shikamoo dada. Naomba kile kipande kidogo tu."

Ursula aliitikia, akamwekea kanda, akaenda zake jikoni. Fulgensi akageuka, akacheka. Brigita akarudisha. Sauti aliyomwigia mtoto ilikataa kumjia yeye mwenyewe. Aliona mdomo tu, na yale macho yanayomtazama kama mtu atakayekuwepo kesho. Akarudisha. Akarudisha. Jua likainama bila yeye kujua.

"Mama." Edna alikuwa mlangoni, debe la kuwatishia ndege mkononi. "Kwelea wameshuka."

"Nakuja," Brigita akasema, kama watoto wote wasemavyo, na hakuinuka.

Edna hakupaza sauti wala hakumvuta mkono. Aliweka debe chini, akavua ndala, akaketi kando ya mama yake, akangoja kipande kiishe.